Meno mawili tu

Jumapili moja asubuhi niko Arlington, bado kitandani, simu inalia. Ni kaka yangu wa Nairobi, mtoto wa mama mkubwa. Anaendesha bodaboda ya umeme. Siku hiyo hata salamu alizikata, na ukimjua kaka utajua hilo si kawaida yake.

"Mdogo wangu, huko Texas si kuna sproketi za kila aina? Nitumie ya mbele yenye meno 16. Yangu ina 14. Nataka spidi."

Ningesema sawa papo hapo. Ila mimi nilikuwa nimeshafanya jambo hilo hilo kwenye pikipiki yangu, kwa hiyo nilikuwa na la kumwambia. Na kwa kuwa wengi wenu mmekuwa mkiuliza habari za pikipiki hizi, nawaambia nanyi pia.

Sproketi ni lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo. Moja iko mbele, upande wa mota. Nyingine nyuma, kwenye tairi. Pikipiki nyingi za umeme hazina gia za kubadilisha kwa mguu. Zina gia moja tu, na gia hiyo ni hesabu ya darasani: meno ya nyuma gawanya kwa ya mbele. Nyuma 42, mbele 14, jibu ni 3. Yaani mota ikizunguka mara 3, tairi linazunguka mara 1.

Ukiweka 16 mbele, jibu linashuka hadi karibu 2.6. Mota ikizunguka vile vile, tairi linakwenda haraka zaidi kwa asilimia 14. Kama mwisho wako ulikuwa kilomita 70 kwa saa, sasa ni 80, mradi mota ina nguvu ya kufika huko.

Tamu, sivyo? Basi ngoja.

Siku ya kwanza nilitoka Arlington kwenda Fort Worth kwa barabara ya pembeni, ile ambayo sisi huku tunaiita "service road" na watu wa Houston wanaiita "feeder". Nilifurahi kweli, magari hayakunisukuma tena kwa nyuma. Lakini safari ambayo kawaida ilinirudisha nyumbani na asilimia 40 ya betri ilinirudisha na 25.

Kwanza nililaumu sproketi, lakini kumbe mlaji wa betri alikuwa upepo. Ukiongeza mwendo, hewa inakupinga kwa mraba wa mwendo huo. Kutoka 70 hadi 80, kazi ya kupasua hewa kwa kila kilomita inapanda kwa karibu asilimia 30. Ningebaki kwenye 50 na sproketi mpya, umbali ungekuwa karibu ule ule wa zamani. Gia haili betri. Inakufungulia mlango tu, na mkono wako ndio unaoingia.

Kuna la pili, na hili ndilo lililonitia wasiwasi kuhusu kaka. Meno yakiongezeka mbele, nguvu ya kusukuma tairi inapungua. Ili upate msukumo ule ule wa zamani, mota inahitaji mkondo wa umeme mkubwa zaidi kwa asilimia 14, na joto ndani ya nyaya zake linapanda kwa karibu asilimia 30. Hapa kwetu ni tambarare, unavumilia. Yeye anapanda kutoka Karen kwenda Ngong, abiria nyuma, mzigo mapajani.

Rafiki yangu wa Houston alifanya kinyume. Yeye aliongeza meno ya nyuma, kutoka 42 hadi 48. Mwisho wake ukashuka kutoka 70 hadi 61, lakini kwenye taa anaondoka kwa wepesi na mota haimchemkii Agosti. Betri yake inakwenda mbali zaidi, kwa sababu moja kubwa: hawezi tena kukimbia.

Mota za umeme zina nguvu tangu zinapoanza kuzunguka, ndiyo maana gia moja inatosha. Lakini hiyo moja ni lazima ichague kazi yake. Kampuni kama Roam, iliyoanzia Nairobi mwaka 2017 kwa jina la Opibus, hutengeneza pikipiki kwa ajili ya barabara za huko, si za kwetu.

Nilimpigia kaka jioni. Nikamuuliza, "Kwa siku unabadilisha betri mara ngapi?" Kimya. Nikaendelea: spidi ya ziada ni betri za ziada, na kila betri ni pesa inayotoka kabla hujanunua unga. Na kama pikipiki bado ina mkopo, soma mkataba kabla ya fundi kugusa chochote. Tena, kama kipimo cha mwendo kinahesabu mizunguko ya mota, baada ya kubadilisha meno kitakudanganya: kitasema 70 nawe uko 80.

"Wateja wanasema mimi ni mpole," akasema.

"Wanafika?"

"Wanafika."

Akacheka kidogo, halafu akanyamaza tena.

"Basi nitumie glavu, mdogo wangu. Ngong asubuhi ni baridi."

Nimeshazinunua. Zinasafiri na shangazi mwezi ujao.