Kwa Nini Reli Hulazwa Juu ya Kokoto?

Hadi leo hakuna reli inayofika Garissa wala kwingineko kaskazini mashariki mwa Kenya. Hata hivyo, mradi wa LAPSSET, uliozinduliwa Lamu mwezi Machi 2012, una mpango wa reli itakayotoka Lamu kupitia Garissa hadi Isiolo. Ikijengwa, watoto wa huko watauliza wanachouliza wenzao wanaosafiri kwa treni kwenda Mombasa: kokoto zote zile ni za nini?

Kazi ya kwanza ni kubeba uzito. Mzigo wa treni hushuka kutoka kwenye vyuma hadi kwenye mataruma, kisha kokoto huutawanya. Ukifika chini, udongo huweza kuuhimili.

Si kila jiwe lifaalo. Mawe ya mviringo ya mtoni huteleza. Yanayotakiwa ni mawe magumu yaliyopondwa, yenye pembe kali, ya sentimeta 3 hadi 6 hivi, ili yashikane na kuzuia mataruma yasisogee. Joto la reli ya kilomita 1 likipanda kwa nyuzi 30, chuma hutaka kurefuka kwa sentimeta 36 hivi. Kisiposhikwa barabara, hupinda kama nyoka. Katika jua la Garissa, hilo si jambo dogo.

Kazi ya tatu ni kupitisha maji. Mvua hupenya katikati ya mawe na kwenda mitaroni. Mchanga ukiziba nafasi hizo, maji hutuama, udongo hulainika na reli hudidimia. Ndiyo sababu mafundi husafisha kokoto na kuzishindilia upya mara kwa mara.

Lakini mvua ni tofauti na mto uliofura. Mwezi Aprili 2024, mafuriko ya Mto Tana yaliikata barabara ya Garissa kwenda Nairobi pale Madogo. Boti iliyokuwa ikivusha abiria ikapinduka, na baadhi yao wakafa maji. Mkondo wa namna hiyo huzizoa kokoto na kuiacha reli ikining'inia.

Basi kokoto pekee hazitatosha Garissa. Patahitajika tuta lililoinuka, pamoja na madaraja na makalvati ya kutosha, ili mto upite chini na abiria wapite juu salama. Wahenga walisema, maji hufuata mkondo. Mjenzi asiyeuacha mkondo huo wazi, maji yatajifungulia njia yenyewe.