Je, Wajua? Diski Hugawanywa Ikiwa Tuli

Je, wajua kwamba sehemu ya diski, yaani eneo la diski lililotengwa ili lijitegemee, mara nyingi haipunguzwi kwa usalama wakati mfumo endeshi unaendelea kuitumia? Ndiyo sababu mafundi hutumia sidii hai, ambayo hubeba mfumo endeshi kamili unaofanya kazi ndani ya kumbukumbu ya muda, hivyo diski ya kompyuta hubaki bila kuguswa mpaka fundi mwenyewe aamue. Knoppix, iliyotolewa mwaka 2000 na Klaus Knopper wa Ujerumani, ni miongoni mwa sidii hai zilizoeneza mbinu hiyo, na mradi wa mfumo endeshi wa Ubuntu nao ulituma sidii zake bure duniani kote hadi mwaka 2011.

Kwa kazi ya kugawanya diski pekee, sidii hai ya GParted Live yatosha, kwa kuwa ni ndogo na huonyesha sehemu zote kwa mchoro. Anayetaka pia kuokoa mafaili ataona sidii hai ya SystemRescue inafaa zaidi. Lakini sidii ya biti 64, hata iwe bora namna gani, haitawaka kwenye kompyuta kongwe ya biti 32.

Katika mji kama Sengerema, Tanzania, hatari kubwa huenda isiwe programu bali umeme, kwani ukikatika wakati data zinahamishwa, sehemu nzima yaweza kuharibika. Nakili mafaili kwanza, kisha tumia kompyuta yenye betri iliyojaa.