Habari Isiyo na Miguu: Simu na Ujirani wa Madibira (Sehemu ya Pili)

Msomaji aliyekuwa nasi juma lililopita atakumbuka kwamba tuliishia katika zama za barua na redio, zama ambazo katika bonde la Usangu habari haikuweza kumfikia mtu pasipo kupita kwa mtu mwingine. Barua iliyoandikwa kwa anuani ya misheni ya Madibira, misheni iliyoanzishwa na watawa wa Kibenedikto kutoka Ujerumani mwishoni mwa karne ya 19, ama kwa anuani ya shule ya msingi, aghalabu ilichukuliwa na mwanafunzi hadi kwa mwenyewe. Na kwa kuwa mwenyewe mara nyingi hakujua kusoma, mwanafunzi yule yule aliketishwa mkekani akaisoma kwa sauti mbele ya aila nzima na jirani aliyekuwa akipita njia. Na tangazo la tanzia la Redio Tanzania Dar es Salaam, likitaja mji baada ya mji walikotawanyika ndugu wa marehemu, lilimwinua kitini mtu ambaye marehemu hakumhusu kwa nasaba, akashika njia kwenda kumwarifu mwenzake asiyekuwa na redio. Akifika hakulitupa neno lake mlangoni, bali alisalimu, akakaa, akaulizwa habari za nyumbani, ndipo akatafuta namna ya kulisema lililomleta. Mjumbe wa namna hiyo hakuondoka upesi. Alibaki na wafiwa, na kwa kubaki kwake akawa wa kwanza kuhani.

Madibira imo katika wilaya ya Mbarali, mkoa wa Mbeya, lakini Iringa ni jirani yake wa karibu, kwani njia itokayo Rujewa hupita hapo ikipanda kwenda Mafinga. Wasangu ndio wenyeji wa bonde. Wahehe na Wabena wameteremka kutoka nyanda za juu, na Wasukuma wamekuja na ng'ombe wao. Na tangu ilipojengwa skimu ya umwagiliaji kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ikichukua maji ya mto Ndembera na kuyasambaza katika hekta zipatazo 3,000, watu wa makabila mengi wamejikuta wakipakana majaruba, hata salamu ya kamwene huitikiwa pasipo taabu na mtu aliyezaliwa Shinyanga. Mahali pa namna hii hapana budi kuipenda simu. Mwenye mama Makete na kaka Tunduma hakutengwa na jamaa zake kwa sababu ya simu; umbali ulikwisha kumtenga zamani, na simu ndiyo iliyomrudishia sauti zao. Kwa hiyo sitajiunga na wanaolia kwamba chombo hiki kimeua undugu.

Neno langu ni jingine. Simu imeupasua ujirani vipande viwili, kipande kinachoweza kutumwa na kipande kisichoweza kutumwa. Cha kwanza kimekuwa chepesi kuliko wakati wowote, na cha pili kimebaki na uzito wake ule ule, ila mabega ya kukibeba yamepungua. Tazama msiba. Tangu huduma ya kutuma fedha kwa simu ilipoingia Tanzania mwaka 2008, mwaka mmoja baada ya Kenya, rambirambi hufika hata kabla ya jeneza, na katibu wa msiba, daftari mkono mmoja na simu mkono wa pili, husoma jina kwa jina na kiasi kwa kiasi, na walio ghaibu hushukuriwa mbele ya halaiki. Hiyo ni hisani ya kweli, na sanda na mbao hununuliwa kwayo. Lakini kaburi halichimbwi kwa ujumbe. Lazima wapatikane watu wa kushika sururu na koleo kwa zamu. Wapatikane wanawake wa kuteka maji, kupasua kuni, kusonga ugali wa watu wengi, na kulala matangani pamoja na mfiwa siku zile ambazo usiku hauishi upesi. Zamani kazi hizi ziligawanyika kwa wote walioitwa na habari. Leo zinawaangukia waliobaki kijijini, na miongoni mwao zinawaangukia zaidi wanawake, ambao, kwa kioja cha dunia, simu zao ndizo aghalabu hazina salio.

Mfano ulio bayana zaidi umo shambani. Watanzania wamekwisha kuipa tabia hii jina, wanaiita kilimo cha simu: mtu anakaa Iringa mjini, au Mbeya, au Dar es Salaam, ana majaruba yake Madibira, na kazi yote tangu kusia mbegu kitaluni mpaka kuvuna anaiendesha kwa kuuliza na kuamuru. Visa vya hasara zake ni vingi na watu huvisimulia kwa kicheko, mbolea ilivyouzwa, miche ilivyopandikizwa katika maneno ya msimamizi tu, na wahenga walikwisha kusema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Lakini hasara ya mwenye shamba ni yake. Mimi naangalia hasara ya mfereji. Maji ya skimu hutoka mfereji mkuu, yakaingia mifereji midogo, yakagawanywa kwa zamu, na kila mfereji mdogo una watu wake, ambao wajibu wao ni kuuzibua matope na kufyeka magugu kabla ya msimu. Ni hapo, watu wakiwa wamezama magotini katika tope moja, ndipo mtu hupata kujua kwamba jirani wa chini yake ana mgonjwa nyumbani, hata usiku wa zamu, maji yakiwa haba na kila mmoja akiwa na sababu ya kuliziba lango la mwenzake, mkono wake husita. Asiyekuja hutuma kibarua, au hutozwa faini akailipa kwa simu, haraka, bila kinyongo. Deni la tope amelilipa. Deni la kujulikana bado. Naye maji yakimpungukia humpigia kiongozi wa mfereji kulalamika, na malalamiko ya mtu asiye na wajihi huwa makali kuliko ya mtu utakayekutana naye kesho njiani.

Haki nayo isemwe. Mkulima anayeuliza bei ya mchele Makambako na Dar es Salaam kabla ya kumjibu dalali aliyesimama uani kwake amepata nguvu ambayo babu yake hakuwa nayo. Ila simu huleta bei, haileti kipimo. Na lumbesa, lile gunia lililoongezwa kilemba juu ya ujazo wake, hujazwa mbele ya macho ya mkulima, na kulikataa kunahitaji wakulima wawili watatu wasimame pamoja pale pale.

Msomi wa Kimarekani Sherry Turkle, katika kitabu alichokitoa mwaka 2015 juu ya mazungumzo, anawasikitikia watu walioketi meza moja, kila mmoja ameiinamia simu yake. Sikatai kwamba vijana wa Rujewa nao huinama hivyo kwenye vibanda vya chipsi. Lakini shida yake ni ya watu waliopo ambao nia zao hazipo; yetu ni ya watu wasiokuwapo ambao nia zao, na fedha zao, zipo kweli kweli. Huko huko Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, wakulima wa mashamba walitandaza nyaya zao wenyewe, nyumba nyingi zikashiriki waya mmoja, na mazungumzo ya mtu yakasikilizwa na jirani yeyote aliyetaka kuinua chombo. Umbeya ulikuwa mwingi. Lakini akiugua mtu, njia nzima ilijua, kama vile mkeka mzima ulivyojua yaliyomo katika barua. Simu yetu humnong'oneza mmoja tu.

Na hata fedha haifiki yenyewe. Bibi wa Madibira aliyetumiwa na mwanawe, kama hasomi, humwita binti wa jirani wakafuatana hadi kwa wakala, na binti huyo ndiye anayeijua namba ya siri, kinyume cha kila onyo la makampuni. Anajua salio, anajua ni mwezi gani mwana hakutuma, na anajua kunyamaza. Mwana hajui hata jina lake.

Rai yangu kwa makatibu wa misiba ni ndogo. Daftari la rambirambi lisiachwe, wala majina ya walio mbali yasikomeshwe kusomwa. Ila uanzishwe ukurasa wa pili, wa walioshika sururu, walioteka maji na waliolala matangani, nao usomwe kwa sauti ile ile, kisha upigwe picha na kutumwa kwa wale waliotuma fedha, wapate kujua kazi yao ilifanywa na nani. Viongozi wa mifereji nao wanaweza kufanya kadhalika kila mwanzo wa msimu. Juma lijalo tutaingia katika posa na harusi, ambako kamati za michango zina mambo yake.