Mtoto wa Miezi 10 Anapokataa Uji

Wazazi wa watoto wa miezi 9 hadi 12 hunijia na lalamiko moja kuliko mengine yote: "Mwanangu hali." Nikiuliza anapewa nini, jibu karibu halibadiliki. Uji asubuhi, uji saa nne, viazi vilivyosagwa kwa blenda mchana, jioni uji tena. Mtoto huyo huyo anayefumba mdomo akiona kijiko, ndiye anayepapatika mapajani mwa baba yake akiitaka sahani ya wali. Kwa maoni yangu, mtoto wa namna hiyo hajakataa kula. Amechoshwa na ulaini na ladha zisizobadilika, na mwili wake uko tayari kwa kazi kubwa zaidi ya kumeza.

Ufizi wa mtoto wa miezi 9 una nguvu ya kuponda ndizi mbivu, kiazi kilichoiva au harage lililolainika, hata kama meno ni mawili tu. Vidole vyake vimeanza kuokota vitu vidogo. Kipindi hiki kina thamani. Watafiti waliofuatilia watoto huko Bristol, Uingereza, waliona kwamba waliocheleweshewa vyakula vyenye mabonge hadi baada ya miezi 10 walikuwa wasumbufu zaidi wakati wa kula walipofika miezi 15. Kwa hiyo blenda ipumzike. Ponda kwa uma, na kila wiki acha mabonge yawe makubwa kidogo.

Chakula cha mtoto huyu kiko tayari kwenye sufuria ya nyumbani. Kabla ya kutia chumvi na pilipili, chota fungu lake. Kama leo mmepika wali na maharage ya nazi, ponda maharage nusunusu, changanya na wali uliolainishwa kwa mchuzi, na mchicha uliokatwa vizuri. Kama ni mtori, usiusage ukawa kama uji; acha vipande vya ndizi vionekane, nyama ichambuliwe nyuzi nyuzi na kukatwa fupi. Ugali uwe laini, umegwe matonge madogo ya kuchovya kwenye mchuzi wa dagaa waliosagwa. Yai likaangwe na nyanya na mchicha mpaka liive kabisa, kisha likatwe vipande virefu anavyoweza kushika mwenyewe. Kiazi lishe kile cha rangi ya chungwa kikichemshwa na kukatwa unene wa kidole, watoto wengi wanaokataa kijiko hukishika bila kubembelezwa. Katikati ya milo mpe parachichi, papai, au mtindi usio na sukari uliochanganywa na embe lililopondwa.

Kiasi kisikutishe. Kuanzia miezi 9 hadi 11, nusu ya bakuli la mililita 250 kwa mlo inatosha, mara 3 au 4 kwa siku, pamoja na kitafunwa kimoja au viwili, na kunyonya kuendelee. Ujue pia kwamba kasi ya kukua hupungua baada ya mwaka wa kwanza, na hamu ya kula hupungua nayo. Bibi anaweza kuhofia kwamba mtoto anaumwa, kumbe ni hali ya kawaida.

Jambo linalostahili wasiwasi zaidi ni madini ya chuma. Akiba aliyozaliwa nayo mtoto huanza kuisha karibu na miezi 6, na maziwa ya mama yana chuma kidogo. Viwango vya Marekani vinamtaka mtoto wa miezi 7 hadi 12 apate miligramu 11 kwa siku, wakati mwanaume mzima anahitaji 8 tu. Uji mtupu hauwezi kufikisha hapo. Nyama, dagaa na samaki ndivyo vyenye chuma ambacho mwili hukipokea kwa urahisi. Maini nayo, kipande kidogo mara moja kwa wiki, kwa sababu yana vitamini A nyingi mno. Maharage yalowekwe usiku kucha, na mlo wake uambatane na chungwa au papai ili chuma kinyonywe vizuri. Chai, ya rangi au ya maziwa, huzuia chuma hicho. Mtoto hana haja nayo kabisa.

Niseme kidogo kuhusu unga wa lishe wenye mchanganyiko wa nafaka nyingi. Mahindi, mchele, ulezi, ngano na mtama vyote ni kundi moja la chakula, na kuvirundika pamoja hakuufanyi uji kuwa mlo kamili. Nafaka moja inatosha. Fedha iliyobaki inunue yai.

Tukija kwenye ukaidi wenyewe, chakula kipya huenda kikahitaji kuonjwa mara 8, 10 au zaidi kabla hakijakubalika. Weka kidogo kando ya kile anachokipenda, akikitema usigombe, baada ya siku mbili kirudishe. Usimpe maziwa mengi muda mfupi kabla ya mlo. Na tafadhali, desturi ya kumkaba mtoto kwa kumziba pua ili ameze iachwe. Uji unaweza kuingia kwenye mapafu, na mtoto hujifunza kukiogopa chakula.

Akila, awe ameketi wima na mtu mzima awe karibu. Karanga nzima, bisi, pipi, zabibu zisizokatwa na mapande ya nyama ngumu humpalia. Miiba ya samaki itolewe kwa vidole, si kwa macho tu. Asali isubiri mpaka atimize mwaka, kwa kuwa inaweza kubeba bakteria wanaosababisha botulizimu, ugonjwa unaopoozesha misuli ya watoto wachanga.

Mpeleke kliniki, na kadi yake mkononi, ikiwa mstari wa uzito umelala au unashuka, ikiwa viganja vyake vimepauka, au ikiwa anapaliwa kila anapopewa chakula chenye mabonge. Muuguzi atapima pia mzunguko wa mkono wake; ukiwa chini ya sentimita 12.5, mtoto anahitaji matibabu ya utapiamlo, na usisubiri mwezi ujao.