Chuma cha tela kinachopanda na kushuka: jinsi kinavyofungwa na faida yake kwa msafirishaji

Wafanyabiashara wanaosafirisha mzigo kwa Land Cruiser au Land Rover wanaijua hesabu ya tela. Dereva ni mmoja, safari ni moja, mzigo unaongezeka, na mafuta yanaongezeka bila kufika mara mbili. Hata hivyo, faida hiyo inaweza kupotelea njiani kwa sababu ya sentimita chache tu, yaani tofauti ya kimo kati ya gari na tela.

Magari haya yana chesisi iliyo juu kuliko magari madogo, na wenye nayo wengi huyainua zaidi kwa springi ndefu ili yapite kwenye barabara mbovu. Matela nayo hayalingani. Kwa viwango vya Ulaya, katikati ya tufe la kuvutia tela panatakiwa kuwa kati ya milimita 350 na 420 kutoka ardhini gari likiwa na mzigo. Tela lililochomelewa gereji ya mtaani lina kimo alichokiona fundi kuwa kinafaa siku hiyo.

Msafirishaji anayevuta tela lake leo na la kukodi kesho hukuta chuma kilichofungwa moja kwa moja hakimfai. Ndipo linapokuja suala la chuma cha kuvutia ambacho tufe lake hupandishwa na kushushwa.

Kimo kisipolingana

Tufe likiwa juu mno, mkono wa tela huelekea juu na mkia hushuka. Uzito unarudi nyuma, tela halikandamizi tena gari inavyotakiwa, na mwendo ukiongezeka linaanza kuyumba huku na huku. Kwa tela la ekseli mbili, ekseli ya nyuma hubeba zaidi ya fungu lake, tairi zake huchemka na kuisha mapema.

Tufe likiwa chini mno, pua ya tela inalalia gari. Magurudumu ya mbele ya gari yanakuwa mepesi, usukani unalegea, breki za mbele zinapungua nguvu na taa kubwa zinamulika machoni mwa wanaokuja. Kwenye mashimo, chuma chenyewe kinakwangua ardhi.

Tela linalokaa sawa, fremu yake ikiwa sambamba na barabara, huepusha mambo hayo yote.

Aina tatu zilizopo

Aina ya kwanza ni bamba lenye safu za matundu. Tufe hufungwa kwa bolti mbili za milimita 16, na ukitaka kubadili kimo unazifungua na kuhamia safu nyingine. Ni imara na bei yake ni nafuu, lakini kila badiliko linahitaji spana na muda.

Aina ya pili ni ya kuteleza. Kipande chenye tufe hupanda na kushuka ndani ya fremu, kikazuiwa na pini nene. Kubadili ni kazi ya dakika chache, na ndiyo inayomfaa anayebadilisha matela mara kwa mara.

Aina ya tatu ni bomba la pembe nne lililofungwa kwenye chesisi, ambalo huchomekwa mkono wenye tufe na kufungwa kwa pini moja. Mkono uliopinda unaweza kugeuzwa juu chini, au kubadilishwa na mwingine wenye kimo tofauti.

Kabla ya kununua, soma namba

Chuma kipya hakiliongezei gari uwezo. Kiwango cha safari ni kile cha kifaa dhaifu kuliko vyote. Gari likiwa na uwezo wa kilo 3,500 na chuma chake kimeandikwa kilo 2,000, mwisho wako ni 2,000. Land Rover Defender na Land Cruiser za mfululizo wa 70 zinajulikana kwa kuvuta hadi kilo 3,500, lakini hiyo ni kwa tela lenye breki zake. Tela lisilo na breki mwisho wake ni kilo 750, na hapo ndipo wengi wanapozidisha.

Chuma kilichotengenezwa kwa kiwango huwa na kibao chenye herufi D na S. S ni uzito wa kushuka juu ya tufe, kwa kilo. D ni nguvu ya mvuto, kwa kilonyutoni. Kuipata kwa safari yako, zidisha tani za gari kwa tani za tela, gawanya kwa jumla yao, kisha zidisha kwa 9.81. Gari la kilo 3,050 likivuta tela la kilo 3,500 linahitaji D ya takriban 16. Chuma chenye namba ndogo kuliko hiyo ukiache dukani.

Angalia pia tufe lenyewe. Lipo la milimita 50 na lipo la inchi mbili, yaani milimita 50.8. Kwa macho yanafanana. Tufe la 50 ndani ya kikombe cha inchi mbili linacheza, na kinachocheza huishia kuchomoka. Kipimo huwa kimegongwa juu ya tufe au kwenye kikombe cha tela.

Kazi ya kufunga

Fundi aanze na chesisi. Kwenye Defender, boriti ya nyuma inayounganisha pande mbili za chesisi inajulikana kwa kuoza kwa kutu kuanzia ndani. Igongwe kwa nyundo ndogo: chuma kizima kinalia, kilichooza kinatoa sauti nzito na magamba yanadondoka. Hapo hakuna chuma cha tela kitakachosalimika mpaka boriti ibadilishwe.

Sehemu zinapokutana, rangi nene, tope na kutu viondolewe ili chuma kikae juu ya chuma. Bolti ziwe za daraja 8.8 au zaidi. Namba hiyo imeandikwa kichwani. Bolti isiyo na namba yoyote isitumike hapa. Tumia nati zenye kizuizi cha kulegea, na washa nene pale zinapogusa chuma chembamba.

Bolti zote zitiwe kwanza kwa mkono, chuma kiwekwe katikati ya gari, ndipo zikazwe kwa spana ya kipimo. Bolti ya milimita 16 ya daraja 8.8 hukazwa kwa takriban nyutoni-mita 200, ila karatasi ya mtengenezaji ikitaja kiasi kingine, fuata hicho. Baada ya kilometa 100 za kwanza za kuvuta, zikaguliwe tena.

Jambo linalorukwa na wengi ni vyuma vya kutegemeza. Tufe likishushwa chini ya chesisi, bamba linakuwa kama wenzo: kila breki na kila shimo hulisukuma mbele na nyuma kwa nguvu kubwa zaidi. Ndiyo maana chuma kirefu huja na mikono miwili ya kukifunga kwenye chesisi upande wa mbele. Anayeiacha ili kuokoa saa moja ya fundi anaachia boriti ya nyuma mzigo wote. Vivyo hivyo, kurefusha bamba kwa kuchomelea kipande cha chuma chakavu kunabatilisha namba zote zilizo kwenye kibao.

Mnyororo wa usalama, au waya wa kuvuta breki tela likichomoka, ufungwe kwenye sehemu isiyohama ya chuma au kwenye chesisi. Ukifungwa kwenye kipande kinachoteleza, pini ikitoka vyote vinakwenda pamoja.

Kwa taa, soketi ya kawaida ya pini saba hufuata rangi hizi: njano indiketa ya kushoto, kijani indiketa ya kulia, nyeupe waya wa kurudisha umeme kwenye bodi, nyekundu breki, kahawia taa ndogo ya kulia, nyeusi taa ndogo ya kushoto, na bluu taa ya ukungu.

Kuchagua kimo sahihi

Pakia tela kama litakavyosafiri na ulisimamishe mahali tambarare. Inua au shusha mkono wake mpaka fremu iwe sawa mbele na nyuma, kisha pima kutoka ardhini hadi katikati ya kikombe. Pakia na gari pia, abiria na mafuta wakiwemo, kwa kuwa mzigo huishusha nyuma. Halafu chagua tundu linaloleta tufe karibu na kipimo hicho.

Sasa pima uzito wa pua. Kwa matela ya aina ya Ulaya, asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa tela inafaa. Tela la kilo 1,500 linatakiwa kukandamiza kwa kilo 75 hadi 105. Gogo fupi lililosimamishwa juu ya mizani chini ya kikombe linatosha kupima. Uzito ukipungua, sogeza mzigo mbele. Ukizidi, rudisha nyuma.

Kila unapobadili tundu, hakikisha pini zimeingia mpaka mwisho na vibanio vyake vipo. Paka grisi sehemu inayoteleza, la sivyo vumbi na mvua vitaigandisha na hutaweza kubadili chochote.

Kabla ya kufika mpakani

Tela ni chombo chenye usajili wake na namba yake. Kwa mfano, namba za matela ya Kenya huanza na herufi Z. Hakikisha kadi yake unayo na kwamba limetajwa kwenye bima, ikiwemo Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo Tanzania nayo inashiriki ingawa si mwanachama wa jumuiya hiyo.

Anayevuka Rusumo kutoka Tanzania kuingia Rwanda anahama kutoka kuendesha kushoto kwenda kulia. Mwenye usukani wa kulia atalazimika kujitokeza zaidi ili aone mbele anapotaka kulipita lori. Tela linaloyumba wakati huo ni hatari kwake na kwa wenzake.

Je, inalipa?

Mwenye gari moja na tela moja lisilobadilika hana haja ya gharama hii. Chuma cha kawaida kilichofungwa kwenye kimo sahihi kinamtosha. Anayevuta matela ya watu, anayekodi, au anayebadilisha gari lenye mzigo na gari tupu ana sababu ya kulipa zaidi. Alinganishe bei ya chuma na seti ya tairi za tela, au na shehena moja ya nyanya iliyolala porini siku mbili ikisubiri fundi. Kwa wengi wao, hesabu hiyo haihitaji kalamu.