Studio bila skrini: dola 60 zinazomfungulia asiyeona kazi

Kuhariri muziki au podikasti ni kazi ya masikio. Lakini hebu zima skrini ya laptopu yako ujaribu kukata sauti. Utakwama! Programu nyingi zimejaa vitufe vya picha tu, na kisoma-skrini, kile kinachomsomea asiyeona maandishi kwa sauti, hakiambulii kitu. Hata ukipewa bure, ni hasara.

Ndiyo maana wengi wasioona wanaipenda Reaper. Unaijaribu siku 60 bila kulipa. Leseni ya mtu binafsi au biashara ndogo ni dola 60, takriban Sh7,800. Ile ya biashara kubwa ni dola 225. Unaongezea OSARA, ambayo ni ya bure, ili kisoma-skrini kikutajie uko kwenye traki gani na umefika wapi. NVDA, kisoma-skrini cha Windows kilichoanzishwa 2006 na Michael Curran, Mwaustralia asiyeona, nacho ni bure.

Sh7,800 si mchezo kwa hasla. Lakini unalipa mara moja, si kila mwezi, kisha unaanza kuchukua kazi za matangazo, injili na podikasti.

Kwa hivyo maprodusa, mkitafuta mtu wa kusafisha sauti, msimuulize kama anaona. Sikilizeni kazi yake kwanza.