Godard, Samora na Swali la Nani Ashike Kamera

Mwaka 1964 Samora Machel alikuwa Kongwa, mkoani Dodoma, akiwanoa wapiganaji wa FRELIMO kwenye ardhi ya ule mradi wa karanga wa Waingereza uliokwama. Mwaka 1978, Samora akiwa Rais wa Msumbiji, serikali yake ilimwita Maputo mwongozaji filamu kutoka Ufaransa, Jean-Luc Godard, aishauri kuhusu televisheni.

Godard alijulikana kwa À bout de souffle, filamu yake ndefu ya kwanza, iliyotoka 1960. Mpigapicha wake, Raoul Coutard, alisukumwa kwenye kiti cha magurudumu huku kamera ikiwa mkononi. Kuna sehemu Jean Seberg amepanda gari la wazi jijini Paris, nasi tunamwona kisogo. Maneno yanaendelea kusikika, ila picha inaruka: mtaa mwingine, mwanga mwingine, kisogo kilekile. Kwa kanuni za uhariri za wakati ule, hilo ni kosa. Godard aliliacha makusudi, mtazamaji atambue kwamba yupo mtu aliyeamua picha ikatwe wapi.

Jambo hilohilo ndilo alilokwenda nalo Msumbiji. Wanavijiji wengi walikuwa hawajaiona televisheni, naye akaona hapo pana nafasi adimu: wapewe kamera za video, wajirekodi, wajitazame wenyewe kabla picha za wengine hazijawafikia. Mwaka 1979 alichapisha kumbukumbu za kazi hiyo katika toleo la 300 la jarida la Cahiers du cinéma. Mpango wenyewe uliishia njiani.

Mwaka huohuo, hata hivyo, Ruy Guerra, mzaliwa wa Maputo, alitoa Mueda, Memória e Massacre. Humo wakazi wa Mueda, kule kaskazini ng'ambo ya Ruvuma, wanaigiza wenyewe mauaji waliyofanyiwa na Wareno tarehe 16 Juni 1960. Kwangu mimi, filamu hiyo inalijibu swali la Godard vizuri kuliko chochote alichoandika yeye.

Tanzania Bara tulikaa bila televisheni hadi 1994, na Kongwa, iliyowahifadhi pia wapiganaji wa ANC na SWAPO, bado haijasimuliwa vya kutosha na watu wake. Vijana wa Dodoma, simu zenu zinatosha. Nendeni mkawarekodi wazee walioziona kambi zile, kisha waonyesheni mlichorekodi kabla hamjakata hata kipande kimoja.